Mizimu ya Sheria Kwenye Barabara ya Bwera

Septemba 21, 1997, gazeti la Sunday Monitor la Kampala lilichapisha habari kwamba Laurent Kabila, aliyekuwa amemwangusha Mobutu huko Kongo mwezi Mei mwaka huohuo, aliilipa Uganda kwa dhahabu. Gazeti halikuigundua habari hiyo lenyewe. Liliinukuu kutoka Indian Ocean Newsletter, jarida linalotolewa Paris. Mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kuchapisha habari za uongo.

Kwa Kampala hiyo ilikuwa kesi ya magazeti. Kwa Kasese, mpakani na Kongo, haikuweza kuwa hivyo tu. Ukitoka mji wa Kasese kwenda kusini unapita Muhokya, penye machimbo na matanuri ya chokaa, unashuka hadi Kikorongo karibu na mstari wa ikweta, kisha unaacha njia ya Mbarara na kushika ya magharibi hadi Bwera na Mpondwe. Mbele yako ni mto Lhubiriha, na ng'ambo ni Kasindi, nchini Kongo. Novemba 13, 1996, mwaka mmoja kasoro kabla ya habari ile kuchapishwa, waasi wa ADF waliushambulia mpaka huo wa Mpondwe. Watu wa barabara hii walizika wafu wa vita vilivyopakana na vile ambavyo gazeti lilikuwa likiuliza nani analipwa navyo. Swali la kama raia anaruhusiwa kusoma habari za dhahabu ya Kongo lilikuwa lao kabla halijawa la mawakili.

Kosa walilotuhumiwa nalo Obbo na Mwenda lina ukoo mrefu. Mwaka 1275, Uingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu waliosambaza habari za uongo zinazoweza kumgombanisha mfalme na watu wake au na wakubwa wa nchi. Shabaha ilikuwa kuwalinda wakubwa. Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1887, miaka 7 kabla Uganda haijatangazwa kuwa himaya yao. Hata hivyo kosa la ukoo huo likaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda, likabaki baada ya uhuru, likapita salama mikononi mwa Obote na Amin, na likaikuta Katiba ya 1995 likiwa bado hai, katiba ambayo ibara yake ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari.

Hakimu aliwaachia huru. Wengi wangekwenda nyumbani. Wao walishikilia kesi ya katiba waliyokuwa wameifungua, wakashindwa Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa. Februari 11, 2004, majaji wote 7 wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kosa hilo, kinapingana na katiba, na kikafa siku hiyo. Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Joseph Mulenga. Hoja yake ilikuwa kwamba neno halipotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu mtu mwingine analiona ni la uongo, la makosa au la kuudhi. Alijifunza kutoka Canada, ambako Mahakama ya Juu ilikifuta kifungu cha namna hiyo katika kesi ya Zundel mwaka 1992, na kutoka Zimbabwe, ambako waandishi Chavunduka na Choto walishinda mwaka 2000. Miongoni mwa majaji hao 7 alikuwemo George Kanyeihamba, profesa wa sheria aliyekuwa ameandika juu ya katiba na serikali ya Uganda miongo mitatu kabla ya siku hiyo.

Niongeze jambo moja juu ya dhahabu. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba Uganda inawajibika kwa uporaji wa mali ya Kongo uliofanywa na askari wake, ingawa haikuona kwamba ulikuwa sera ya serikali. Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, na milioni 60 kati ya hizo zikawa za maliasili. Hukumu hiyo inahusu vita vilivyoanza 1998, kwa hiyo haithibitishi habari ya 1997, na nisingependa msomaji aichanganye. Inaonyesha tu kwamba swali lililoulizwa mapema na gazeti lilikuwa swali la haki, na kwamba dola ilitaka kulizima kwa sheria ya karne ya 13.

Kifungu hakifi chenyewe. Nyuma ya hukumu kama ya Mulenga kuna watu waliokaa miaka darasani wakifundisha kwamba neno la raia lina thamani mahakamani. Kila utamaduni wa sheria humpa mwalimu huyo kazi yake, na nataka kuzilinganisha kazi hizo hapa, nikiutumia mlima Rwenzori na barabara iliyo chini yake kuwa mahali pa kuzipimia.

Wamarekani wana mfano wao mkubwa, Zechariah Chafee. Alizaliwa 1885 katika familia tajiri ya Providence iliyokuwa na kiwanda cha chuma, na hakuwa mwanamapinduzi wa aina yoyote. Alianza kufundisha sheria Harvard mwaka 1916. Mwaka uliofuata Marekani iliingia vitani na kutunga Sheria ya Ujasusi, na watu wakaanza kufungwa kwa hotuba na vikaratasi. Juni 1919 Chafee alichapisha makala katika jarida la sheria la Harvard akisema kwamba maneno yaadhibiwe pale tu yanapokaribia kabisa kuleta madhara halisi, na kwamba hofu ya kuwa siku moja yanaweza kuchochea jambo haitoshi. Kiangazi hicho rafiki yao Harold Laski alimkutanisha na Jaji Oliver Wendell Holmes, ambaye mwezi Machi alikuwa ameandika hukumu za kuthibitisha vifungo vya wapinga vita. Novemba ikaja kesi ya Abrams: wahamiaji kutoka Urusi waliotupa vikaratasi kutoka dirishani New York na kuhukumiwa hadi miaka 20 jela. Safari hii Holmes alitengana na wenzake, akaandika kwamba ukweli upimwe kwa kushindana na mawazo mengine. Jaji Louis Brandeis peke yake alisimama naye.

Wanafunzi wa sheria duniani kote wanaisoma hukumu ile ya wachache, nami sibishani na uzuri wake. Ila kinachonivuta zaidi ni alichofanya Chafee baadaye. Watu wa Abrams walikuwa wameshindwa na hukumu ilikuwa imefungwa. Yeye akaenda kwenye kumbukumbu za kesi, akafuatilia jinsi jaji alivyoiendesha, jinsi maswali yalivyoulizwa, nini mashahidi waliruhusiwa kusema na nini walikatazwa, kisha akayachapisha mwaka 1920 akiwataja wahusika kwa majina. Wahitimu wa Harvard, wakisaidiwa na mawakili wa serikali, walimshtaki kwa chuo. Mei 1921 aliketi mbele ya kamati Boston akijibu kama mtu aliye kizimbani, na kazi yake ikapona kwa kura chache. Ilichukua hadi 1969, miaka 50 kamili, kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kuukubali msimamo unaofanana na wake katika kesi ya Brandenburg.

Katika utamaduni huo profesa hufanya kazi kwa sikio la jaji. Anaandika, jaji anasoma, na baada ya kizazi kimoja au viwili tanbihi inakuwa sheria. Ni njia yenye nguvu. Inahitaji pia mambo ambayo Chafee hakulazimika kuyataja kwa sababu alizaliwa nayo: jaji asiyeogopa, chuo kinachoweza kumlinda mtu wake hata kwa shida, na nchi ambayo profesa akimkosoa jaji hupelekwa mbele ya kamati na wala hapelekwi gereza la Luzira.

Luzira tunaijua. Oktoba 1968 Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, na Abu Mayanja, wakili na mbunge aliyeandika barua katika jarida hilo kuhusu katiba na uteuzi wa majaji Waafrika, walikamatwa Kampala kwa tuhuma za uchochezi. Februari 1, 1969 hakimu akawaona hawana hatia. Wakakamatwa tena papo hapo chini ya sheria za hali ya hatari, na Mayanja hakutoka hadi 1970. Chafee angekosa la kusema hapo, kwa maana mahakama ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Neno lilishinda mbele ya hakimu, na mlango wa gereza haukufunguka.

Kwa hiyo mwalimu wa sheria wa Afrika Mashariki hakuweza kuwa wa sikio la jaji tu. Kitivo cha kwanza cha sheria katika kanda hii kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kwa miaka kadhaa Waganda, Wakenya na Watanzania walisomea huko pamoja. Huko ndiko alikokulia kitaaluma Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946. Jina lake lilijulikana kwa andiko juu ya matabaka katika Tanzania lililotolewa 1970 na Cheche, jarida la wanafunzi wanaharakati. Mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Profesa wa baadaye alionja udhibiti kabla hajaufundisha. Alifundisha sheria Dar hadi 2006, akaandika safu magazetini kwa Kiswahili na Kiingereza, akaongoza tume ya ardhi ya 1991 na 1992, na kushiriki kuanzisha HakiArdhi. Sheria ya Magazeti ya Tanzania ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti, ilikuwa miongoni mwa sheria 40 ambazo Tume ya Nyalali ilizitaja kuwa kandamizi mapema miaka ya 1990. Iliishi hadi Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilipochukua nafasi yake, nayo mpya ikapata pigo mwaka 2019 pale Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha ilipoona vifungu vyake kadhaa vinavunja mkataba wa jumuiya.

Katika kitabu chake cha 1989 juu ya haki za binadamu Afrika, Shivji aliukataa msingi ambao Chafee aliutegemea. Hakuiona haki kuwa uzio unaomzunguka mtu mmoja mmoja, wala zawadi kutoka kwa dola. Aliiona kuwa silaha ya watu wanaopambana, na akaweka mbele haki mbili: ya watu kujiamulia mambo yao na ya kujipanga. Ukiusoma msimamo huo Kampala au Dar unaweza kuuona kuwa nadharia ya wakati wake. Ukiusoma Kasese unageuka kuwa historia ya mahali.

Miaka ya 1950 Isaya Mukirane, mwalimu wa Kikonzo, alikusanya watu wa milimani katika chama cha utafiti wa maisha na historia ya Wakonzo. Kilionekana kuwa chama cha masimulizi ya wazee. Ukweli ni kwamba watu waliokuwa chini ya ufalme wa Toro, ambao lugha yao haikuwa na nafasi shuleni wala ofisini, walikuwa wakijenga kwanza uwezo wa kujisemea. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka nje ya Rukurato, baraza la Toro, wakiongozwa na Mukirane, Yeremiah Kawamara na Petero Mupalya, baada ya kunyimwa kutambuliwa kuwa sawa na wengine katika katiba ya ufalme ule. Juni 30 mwaka huo Mukirane alitangaza Rwenzururu kuwa nchi huru. Vita vilidumu hadi 1982.

Weka tukio hilo mbele ya Chafee na mbele ya Shivji. Chafee angeuliza kama kuna aliyekatazwa kusema, na barazani jibu lingekuwa hapana, kwa kuwa walisema humo hadi walipotoka. Shivji angeuliza kama kuna aliyelazimika kuwasikiliza. Hapo ndipo naona utamaduni wa Marekani unapungukiwa kwetu: unamlinda sana msemaji na kuachia soko la mawazo lifanye kazi iliyobaki. Mwanafalsafa wao Alexander Meiklejohn aliliona pengo hilo mwaka 1948 alipochukua mkutano wa mji kuwa kielelezo chake, na kusisitiza kwamba cha muhimu ni raia wasikie yote yanayohitajika ili wajitawale. Uganda ilikuwa na mikutano yake ya namna hiyo, mijadala ya ekimeeza iliyorushwa na redio moja kwa moja kutoka kumbi za wazi. Septemba 2009, wakati wa ghasia za Buganda, serikali iliifunga redio CBS na nyingine tatu na kuipiga marufuku mijadala hiyo yote. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi, katika kesi iliyotokana na maneno ya Mwenda redioni mwaka 2005 baada ya kifo cha John Garang. Kifungu kilikufa. Ukumbi wa kusemea ulikuwa umeshafungwa mwaka mmoja kabla.

Makerere ina mtu anayesimama katikati ya njia hizi mbili, naye ni Joe Oloka-Onyango. Alisoma sheria Makerere, akapata shahada ya uzamivu Harvard, chuo ambacho Chafee alikifundishia karibu miaka 40, akarudi, akawa mkuu wa kitivo na mkurugenzi wa kituo cha chuo hicho cha haki za binadamu na amani. Novemba 2015 alitoa mhadhara wake rasmi wa uprofesa, na mada aliyoichagua ilikuwa mizimu katika sheria. Mzimu mkuu ulikuwa wa kesi ya Matovu ya 1966. Michael Matovu, chifu wa Buddu, aliwekwa kizuizini wakati Obote alipoipindua katiba ya uhuru. Mahakama ilitakiwa kusema kama katiba mpya ni halali. Ikajibu kwamba mapinduzi yaliyofanikiwa yana uhalali wake, kwa kuiegemea nadharia ya Hans Kelsen, profesa wa Vienna, na kwamba baadhi ya maswali ni ya kisiasa na hayamhusu jaji, fundisho lililochotwa Marekani. Oloka-Onyango alionyesha jinsi uamuzi ule ulivyoendelea kuzikaba koo mahakama za Uganda kwa karibu nusu karne.

Huo ni ukumbusho kwa sisi tunaopenda kulinganisha tamaduni. Katika kesi ya Matovu mahakama iliazima kutoka Austria na Marekani ili inyamaze. Mwaka 2004 iliazima kutoka Canada na Zimbabwe ili iseme. Kuazima hakumfanyi mtu kuwa huru wala mtumwa, na wasomi wanaogombania kama haki hizi ni za kigeni au za kwetu wanapoteza muda mwingi ambao wangeutumia kuuliza nani ameazima, na kwa ajili ya nani.

Mwaka 2016 Oloka-Onyango hakubaki kwenye mhadhara. Mgombea Amama Mbabazi alipokwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais wa 2016, walimu 9 wa sheria wa Makerere, Oloka-Onyango na Sylvia Tamale wakiwemo, waliomba kuingia katika shauri kama marafiki wa mahakama, na wakakubaliwa. Maombi ya Mbabazi yalitupwa. Hata hivyo mahakama ilitoa mapendekezo 10, na moja lilihusu vyombo vya habari vya umma: ibara ya 67 ya katiba inawapa wagombea urais muda na nafasi sawa kwenye vyombo vya serikali, kwa hiyo sheria iweke adhabu kwa chombo au afisa anayekiuka. Chafee aliandika makala na kumngoja jaji aisome. Hawa waliingia na hoja zao hadi ndani ya chumba cha mahakama, katika kesi iliyomgusa rais aliye madarakani. Nauona huo kuwa mchango halisi wa Makerere katika taaluma hii, nao haujapewa heshima unayostahili.

Kisha mwaka huohuo ukafika Novemba.

Novemba 26 na 27, 2016, majeshi ya serikali yalipambana na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu, Omusinga Charles Wesley Mumbere, na kulivamia kasri lake mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba zaidi ya watu 100 waliuawa kasrini siku ya pili, na wengine wasiopungua 55, polisi 14 wakiwemo, siku ya kwanza. Mtangazaji wa KTN ya Kenya, Joy Doreen Biira, binti wa Kasese, alikuwa nyumbani kwa sherehe zake za kimila za ndoa. Alikamatwa siku ya 27 na kutuhumiwa kusaidia ugaidi, kwa kusambaza mitandaoni picha za kasri likiungua. Aliachiwa kwa dhamana ya polisi siku iliyofuata. Chini ya Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002, adhabu ya tuhuma ya namna hiyo inaweza kufika kifo.

Hesabu ndiyo hii: kifungu cha habari za uongo kilikufa 2004. Cha uchochezi kilikufa 2010. Mwaka 2016, kilomita chache kaskazini mwa Muhokya, mtu alifanya kitendo cha kihabari kilicho rahisi kuliko vyote, kuonyesha kinachotokea mbele ya macho yake, na kilichomkabili kilikuwa kizito kuliko vifungu vyote viwili vilivyozikwa. Roho ya sheria ya 1275 ilikuwa imepata mwili mwingine. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichotumika dhidi ya waliowaudhi wakubwa mitandaoni. Miezi mitatu kabla ya hapo, Oktoba 2022, marekebisho ya sheria hiyohiyo yalikuwa yameshatiwa saini yakiwa na makosa mapya juu ya taarifa zinazosambazwa kwa kompyuta.

Kongo, ng'ambo ya Lhubiriha, mzimu huo unazungumza Kifaransa. Katiba ya Ubelgiji ya 1831 ililipa gazeti ulinzi ambao Uingereza ya siku zile haikuuandika popote. Wabelgiji hawakuupeleka uhuru huo kwenye koloni lao. Walichokiacha ni sheria iliyopangwa katika kanuni, yenye kosa la kueneza uvumi wa uongo, na mwaka 1963 serikali ya uhuru ikaongeza amri ya kuwaadhibu wanaomkosea mkuu wa nchi. Katika utamaduni huo profesa huandika ufafanuzi wa kanuni. Jaji anaweza kuuheshimu, lakini hukumu ya kesi moja haimfungi jaji wa kesi ijayo kama ilivyo kwa Waingereza, na mabadiliko hutegemewa kutoka kwa mtunga sheria. Machi 13, 2023 Kinshasa ilipata sheria mpya ya vyombo vya habari badala ya ile ya 1996, na siku hiyohiyo ikapata kanuni ya mambo ya kidijitali. Septemba mwaka huo mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa kwa sababu ya makala ya Jeune Afrique isiyokuwa hata na jina lake, iliyohusu mauaji ya mwanasiasa Chérubin Okende. Alihukumiwa miezi 6 Machi 2024, akatoka kesho yake kwa kuwa alikuwa ameshaitumikia gerezani. Mfanyabiashara wa Kinande anayevuka Mpondwe siku ya soko anatoka chini ya sheria moja na kuingia chini ya nyingine, zilizoandikwa na mataifa mawili yaliyojisifu kwa magazeti huru, na kosa analopaswa kuliogopa ni la ukoo uleule pande zote mbili.

 Upande wa Bwera umeshaona jambo ambalo naliona kubwa: kesi ya mtu mmoja inaweza kukiua kifungu kwa ajili ya wote. Lakini kuna sharti. Kesi lazima ifike mwisho. Obbo na Mwenda walikuwa wameachiwa huru tayari, na kama wangeridhika na nafuu yao, huenda kifungu cha 50 kingekuwa hai leo. Ukaidi wao wa miaka zaidi ya 6 ndio uliokifuta.

Kasese haikupewa nafasi hiyo. Machi 2017 tuhuma dhidi ya Biira ziliondolewa. Juni 2023 mashtaka ya mauaji na ugaidi dhidi ya Mumbere na wenzake yaliondolewa pia, na Oktoba akarudi nyumbani. Nilifurahi kwa ajili yao, kama kila aliyefuatilia. Lakini kesi iliyoondolewa haiachi hukumu. Hakuna jaji aliyepata kusema kama kumwonyesha jirani kasri linaloungua ni ugaidi au ni uandishi wa habari. Kesi hizo hazikuigusa sheria ile ya 2002. Polisi atakayetaka kuitumia tena kwenye barabara ya Muhokya hatakuta kizuizi chochote kilichojengwa na shauri la 2016. Ni kana kwamba dola ilijifunza kutoka kesi ya dhahabu kwamba kushindwa mahakamani ni hatari kwa sheria zake, na kwamba kujitoa kabla ya hukumu hakuigharimu kitu.

Hilo si suala la wanahabari peke yao. Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika, familia zilizopoteza nyumba Kilembe zilipelekwa kambini Muhokya, na miaka ikapita zingali pale. Mtu wa kambi ile anayetaka kuuliza redioni ardhi iko wapi, au kupiga picha hema lililochanika na kuituma, ana ibara ya 29 upande wake na ibara ya 41 ya haki ya kupata taarifa. Ana pia mfano wa 2016 kichwani. Najua ni upi unaomjia haraka zaidi anaposhika simu.

Ndiyo maana namrudia Chafee, lakini Chafee wa kumbukumbu za kesi, na Oloka-Onyango wa mizimu. Wote wawili waliifanya kazi ambayo mahakama haiwezi kujifanyia: walikwenda pale ambapo sheria ilikwishafunga jalada, wakalifungua, wakaandika kilichofanyika humo. Kwa Chafee jalada lilikuwa la hukumu, na kwa kesi ya Matovu pia. Jalada la Kasese ni gumu zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna hukumu ya kukosoa. Yamo mashtaka, dhamana, tarehe za kuahirisha na karatasi ya kuondoa shauri. Mwanafunzi wa sheria akifundishwa kusoma hukumu tu ataliruka. Anatakiwa afundishwe kusoma na karatasi hizo, kuwahoji waliokamatwa na waliowakamata, kuuliza kila kifungu kilitumika siku gani na kikaachwa siku gani, na kuyaandika hayo kwa Kiingereza cha mahakama na kwa Lhukonzo cha redio za Kasese. Matovu alisubiri miaka 49 kupata mhadhara wake. Waliokuwepo Kasese Novemba 2016 wengi bado wako hai na wanakumbuka, na ushahidi wao unaweza kuchukuliwa sasa.